Nahamia Dar na familia yangu ya mchanganyiko, mtaa gani watu wamechanganyika kweli?

Sato wa Ziwani

Wakuu habari za jioni. Nimepata uhamisho wa kikazi kutoka Mwanza kuja Dar, ofisi iko Posta, natakiwa kuripoti tarehe moja mwezi ujao, familia itanifuata shule zikifungwa. Dar nimeshakuja mara nyingi tu ila ni zile za semina, unalala lodge Sinza siku tatu unarudi, kwa hiyo mji wenyewe siujui.

Sasa shida yangu sio ile ya kawaida ya maji na umeme (na yenyewe ipo lakini). Mimi ni Mjita wa Musoma. Mke wangu ni Mgoa, asili yao Goa kule India, kazaliwa Mwanza, babu yake alikuwa karani wa reli, na anaongea Kisukuma kuliko mimi ninavyoongea Kijita. Mkatoliki kumzidi padri ila mtaani hakuna anayejali hizo tofauti, kwao ni Mhindi tu basi. Tuna watoto wawili, binti miaka 9 na dogo wa miaka 5. Mwanza wameshazoeleka, pale tunapokaa kila mtu anajua ni watoto wa nani. Wasiwasi wangu ni huku kugeni, sitaki binti yangu awe kituko cha mtaa, na sitaki pia awe kwenye mtaa ambao wamejifungia watu wa aina moja tu, wawe weupe wawe weusi wawe wa dini moja. Nataka pamechanganyika, makabila, dini, wenye nacho na wasio nacho.

Wiki iliyopita tulikuja kuangalia nyumba. Dalali kwenye simu alisema laki sita kwa mwezi, nyumba ya vyumba vitatu Mbezi Beach. Nimefika mimi kwanza, ameshanionesha sebule, jiko, tumeshakubaliana mpaka miezi ya kulipa, mke wangu akawa anashuka kwenye bajaji na watoto. Dalali akamwangalia, akaniangalia, akaenda pembeni "kumpigia mwenye nyumba". Karudi bei imekuwa laki tisa 😂 Nilicheka lakini roho iliniuma.

Bajeti yangu isizidi laki saba. Wenyeji wa Dar naombeni mwongozo, mtaa gani?

---

Mpangaji Sugu

Kosa la kwanza mkuu ni kwenda na mke kwa dalali. Muache kwenye gari hata kama ni Msukuma mwenzao, muache tu. Na usisahau yule dalali anakula kodi ya mwezi mmoja kwako, bado hela ya kuoneshwa, kwa hiyo kodi ikipanda na yeye kapanda.

Halafu Mbezi Beach na ofisi Posta, una helikopta?

---

kijiti_cha_Ilala

Mchanganyiko mchanganyiko, mji gani huu hauna mchanganyiko? Dar nzima we taja kabila lolote utalipata ndani ya nyumba moja ya kupanga, choo kimoja. Mimi hapa Ilala chumba cha kushoto Mhaya, kulia Mdigo, mbele yangu Mnyakyusa anayeamka saa kumi kupiga mswaki kama anafua jinzi. Angalia vitu vya maana, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, masika ikifika panapitika? Nenda ukaangalie nyumba mwezi wa nne mvua ikiwa inanyesha, mengine yote ni porojo.

---

Mzee wa Ngazi

Kijiti uko sahihi nusu. Makabila kweli yamechanganyika na tumshukuru aliyetuhimiza Kiswahili. Ila rangi na mfuko havikuchanganyika hivyo hivyo tu na mleta mada anachouliza kina maana.

Vijana wengi mnasema Uzunguni, Uhindini, Uswahilini mnadhani ni utani. Mji huu ulikatwa hivyo, Wajerumani walianza na Waingereza wakaendeleza. Na ujanja wao ulikuwa kwamba sheria za ujenzi zinataja aina ya nyumba zaidi ya rangi ya mtu. Huku nyumba za kizungu tu, huku za maduka na ghorofa, huku za udongo na makuti. Sasa nani atamudu nyumba gani, hapo rangi inajipanga yenyewe. Ile Mnazi Mmoja mnayokwenda kwenye mikutano iliachwa wazi makusudi kutenganisha Uhindini na Kariakoo.

Mimi nimekulia Upanga kwenye nyumba ya Msajili. Kwa wasiojua, mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yalikuwa ya Wahindi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Wahindi wengi waliondoka, Kanada, Uingereza, na sitasema ilikuwa furaha kwao maana niliona jirani yetu akiuza mpaka cherehani. Ila kwa sisi watoto wa makarani na manesi ndio tukaingia Upanga kwa mara ya kwanza.

Ngazi yetu ilikuwa na milango sita. Chini Mgoa, fundi cherehani, wa pili Mchagga wa bandarini, sisi Wazaramo, juu yetu mama mmoja wa Kiithnaasheri (Waislamu wa Shia) na wanawe. Ngazi ilikuwa moja na haina taa, kwa hiyo usiku unapapasa ukuta unakutana na mtu lazima useme "hodi ngazi". Harufu ya bizari ikikaangwa juu inashuka mpaka kwetu, dagaa wetu wanapanda mpaka kwao, mama wa juu akafungua dirisha akakohoa, na mama yangu akakohoa naye kumjibu. Walinuniana wiki nzima. Idi ikafika sahani ikashuka imefunikwa kitambaa, Krismasi ya Mchagga sahani zikapanda, na sahani hairudishwi tupu, kwa hiyo hamna namna ya kumaliza hilo deni. Mimi Kigujarati cha kuhesabu na kutukana nilikijua hapo.

Kwa hiyo Sato ningekwambia Upanga. Kuna kanisa, misikiti ya kila dhehebu, mahekalu yako Kisutu karibu hapo, Posta unatembea kwa miguu. Na shule ya msingi Olympio ni ya serikali na inafundisha kwa Kiingereza, ukiwahi nafasi. Watoto wako hapo hakuna atakayewageukia mara mbili.

---

Mpangaji Sugu

Mzee umenikumbusha mbali lakini hiyo Upanga yako unayoisema inabomolewa. Nyumba za ghorofa tatu zinaangushwa inasimama ghorofa kumi na kitu, geti, mlinzi, lifti. Mtu anatoka kwenye gari anaingia kwenye lifti, hiyo hodi ngazi utampigia nani. Kwa laki saba labda upate vyumba viwili kwenye yale ya zamani, ukibahatika, ghorofa ya nne na ndoo ya maji mkononi. Na akipata ya shirika ahakikishe anayempa hela ndiye mwenye mkataba, sio mpangaji anampangisha mpangaji, siku ukaguzi ukija unalala nje na makochi yako.

---

MamaPacha

Naomba nichangie kama mama. Sato kaka yangu nisikilize mimi kabla hujaingia mkataba.

Sisi tulitoka Kijitonyama tukajenga, sitasema wapi ila ni huku juu kwenye viwanja vikubwa vikubwa, kila mtu kwake na fensi yake na mbwa wake. Ukihesabu mtaa wetu ni Umoja wa Mataifa. Jirani kulia Mkongo, kushoto Mhindi mwenye kiwanda, mbele Mmeru na mke Mzungu, nyuma Mnyarwanda, na nyumba ya kona walikaa Wakenya. Nilijisifu sana kwa ndugu zangu, nikawa nasema wanangu watakuwa watu wa dunia. Miaka minne wanangu walijua majina ya mbwa wote wa mtaa, Simba, Rocky, Tyson, sio jina la mtoto hata mmoja. Wanatoka na gari la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri wanarudi saa kumi na moja jioni.

Mwaka juzi mama yangu akafariki. Mwili ulikuwa unaletwa kwangu kabla ya kusafirisha. Saa tatu asubuhi turubai limeshafungwa, mimi nimekaa chini kwenye mkeka naangalia geti. Hakuna jirani aliyeingia, na siwalaumu, mimi mwenyewe walipofiwa kule kona nilijua baada ya wiki mbili. Unajua nani walikuja? Wale vijana wa bodaboda wa kijiweni pale njiapanda. Walikuja saba. Hawajui hata jina langu, wananiita mama wa Noah nyeupe. Wakauliza viti viko wapi, wakapanga viti, mmoja akachukua ndoo akaanza kuchota maji jikoni bila kuambiwa, na walikuwa na bahasha ya elfu kumi na nne, sarafu zinalia humo ndani. Mpaka leo nikikumbuka ile bahasha inavyolia nashindwa kumalizia sentensi.

Kijitonyama tulikokuwa tunapanga, nyumba za kubanana, msiba wa mtu hata humjui unachangishwa, daftari linapita mlango kwa mlango na usipotoa unasemwa. Nilikuwa naona kero. Kwa hiyo kaka usihesabu sura zinazopita barabarani, angalia kuna nini ambacho hao watu wanalazimika kukitumia pamoja. Genge, bomba, uwanja wa mpira, kibaraza cha duka. Kama kila kitu kiko ndani ya ukuta hata wakae mataifa hamsini hapo hamna kitu.

---

kijiti_cha_Ilala

Mama pole sana. Porojo nazifuta.

---

Dalali Mstaafu

Nimefanya udalali miaka tisa nimeacha kwa hiyo naweza kusema ukweli. Bei kupanda kwa sababu ya mke ni kweli, tunaita bei ya macho. Hata Mswahili akija na funguo za gari mkononi inapanda.

Ila lingine ambalo hamsemi ni wenye nyumba wanaouliza dini na kabila. "Sitaki kabila fulani watapika pombe", "sitaki wa dini ile nina msikiti nyuma". Hawaandiki popote, wanakunong'oneza dalali, na dalali anamwambia mteja nyumba imeshachukuliwa. Sato ukiambiwa imeshachukuliwa halafu kesho bado inatangazwa, achana nayo, usibishane, hapo hata ukiingia utaishi kwa kununiwa.

Kwa bajeti yako mimi ningekupeleka maeneo haya:

Sinza na Kijitonyama, vile vilikuwa viwanja vya mradi miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikagawiwa kwa watumishi wa kila aina na kila mkoa, ndio maana mpaka leo mwalimu mstaafu kapakana na mwenye baa. Ubaya ni hizo baa zenyewe, Ijumaa usilale.

Kinondoni. Pamechanganyika kuliko watu wanavyojua, Wamanyema wa zamani, Waarabu, watu wa bara, na mabasi ya mwendokasi yanapita barabara ya Kawawa kutoka kituo cha Morocco, unakwenda nayo mpaka Kivukoni. Ila uwe Kinondoni ya juu. Bondeni kule Mkwajuni na Hananasif usiguse, mwishoni mwa 2015 nyumba kibao zilibomolewa, na mafuriko ya 2011 kuna watu wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande.

Msasani, ile ya kijijini kwa wavuvi sio ya maghorofa. Masaki iko pua na mdomo lakini hawajuani, ni kama Ulaya na Kilwa zimepakana. Mvua ikinyesha Bonde la Mpunga usisahau jina lake lilitoka wapi.

Siku ukienda kuangalia nenda bila dalali kwanza. Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Kaa kwa muuza kahawa, kula kashata, sikiliza.

---

Nyang'au Mpole

Mimi ni Mkenya niko Dar mwaka wa sita, Mikocheni. Nawasoma tu nikitabasamu. Kwetu Nairobi ukihamia estate kitu cha kwanza mtu anakisia ni jina lako la pili, baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 watu wengi walijua majirani zao upya. Hapa landlord aliniuliza kama nina mbwa. Basi. Sato utakuwa sawa.

---

Sato wa Ziwani

Wakuu nawashukuru sana, MamaPacha ulinisomesha mimi na mke wangu mpaka tukazima TV.

Mrejesho. Nimefanya alivyosema Dalali Mstaafu. Jumamosi tumekwenda Kinondoni familia nzima, bila dalali, tumeshuka mwendokasi tukaingia mitaa ya ndani kwa miguu. Tukakuta kijiwe cha kahawa, benchi moja refu limeinama katikati, wazee wawili wa kofia wanacheza drafti kwa vizibo vya soda na mmoja ambaye sio wa kofia anawasimamia kwa makelele. Pembeni mama anakaanga vitumbua. Nikaagiza kahawa, watoto wakapewa vitumbua.

Katoto kamoja kamepita na tairi, kakamwona binti yangu kakapiga kelele "we Mhindi!" Moyo ukanipasuka, nikaona yale yale. Mama wa vitumbua hata hakugeuka, akasema "na wewe Mmakonde njoo uchukue chenji ya mama yako, na wewe Mhindi sogea mafuta yataruka." Mzee wa drafti akadakia, "Mmakonde naye wa kumwita mtu Mhindi, kwenu si mnakula panya." Benchi zima likacheka, mzee akaanza kusemwa yeye sasa, Wamanyema na ubahili wao, wakahamia kwa yule msimamizi ambaye kumbe Mzanaki, na mimi nikajikuta nimeshaingizwa kwamba Wajita tunanuka samaki. Binti yangu akamuuliza mama yake kwa Kisukuma panya wanaliwaje. Mama wa vitumbua aliposikia Kisukuma ndio akageuka. "Kumbe mtani wangu huyu!" Yeye Mzaramo lakini aliolewa na Mnyamwezi wa Tabora. Tumeondoka na vitumbua vya bure.

Nimeanza kuona tofauti ambayo nilikuwa nashindwa kuieleza. Yule dalali wa Mbezi hakutamka neno Mhindi hata mara moja, alipandisha bei tu. Hawa wamelitamka mbele yetu na hapo hapo wakatugawia na sisi zamu ya kutania.

Mke wangu kapapenda. Kilichobaki nyumba.

---

Mzee wa Ngazi

Kinondoni sio mbaya. Ila Upanga uje utembee, nikuoneshe ile ngazi kabla hawajaiangusha. Sasa ina taa.

---

Mpangaji Sugu

Ukipata nyumba nenda serikali ya mtaa ukajitambulishe mapema, usisubiri mpaka unahitaji barua. Na mjumbe mjue kwa jina, mpe hata soda, huyo ndio intaneti ya mtaa.

---

Sato wa Ziwani

Wakuu tumehamia. Vyumba vitatu, laki sita na nusu, miezi sita kwa mkupuo, mwenye nyumba bibi mmoja anakaa uani kwetu humo humo. Kitu pekee alichouliza ni kama tunapika kwa mkaa maana hataki moshi kwenye kanga zake. Geti lipo lakini komeo limekufa, nimeuliza litatengenezwa lini, bibi akasema tangu mumewe yuko hai liko hivyo.

Jana jioni mjumbe kaja na daftari lake. Akaniuliza jina, kazi, nimetoka wapi. Mwanza. Akamwangalia mke wangu, mimi nikajikaza, nikajua haya sasa. "Na mama ametoka wapi?" Mwanza. Akaandika Mwanza, chini yake akaweka zile alama za "kama juu", watoto nao kama juu, kama juu. Akalamba kidole, akageuza ukurasa, akasema kuna elfu mbili ya ulinzi shirikishi na kuna hela ya taka ya miezi miwili.

Nikamwambia mkuu tumehamia juzi. Akasema taka hazijui hilo.

---

Dalali Mstaafu

😂😂 Hiyo ya taka dai risiti.